Kusimama ao kukaa: historia fupi ya kiti kwenye konseri

Tarehe 14 mwezi wa pili mwaka 2014, vijana wa Goma walianza kuingia katika kiwanja cha Kolegi Mwanga na tikiti ya dolari moja mkononi. Ilikuwa siku ya kwanza ya Festival Amani. Tamasha hilo lilikuwa limepangwa kufanyika mwishoni mwa mwezi wa nane mwaka 2013, lakini vita kati ya jeshi la FARDC na M23 kaskazini mwa mji vililazimisha kulisogeza mbele. Safari hii bunduki zilikuwa zimenyamaza tangu mwezi wa kumi na moja. Kwa siku tatu watu wa Goma, na wengine waliovuka mpaka kutoka Gisenyi, walisikiliza wasanii wa hapa na wa mbali, kati yao Tiken Jah Fakoly wa Côte d'Ivoire.

Ile dolari moja haikumpa mtu kiti. Ilimpa ruhusa ya kupita mlangoni, na ndani kila mmoja alitafuta mahali pa kuweka miguu yake miwili. Aliyefika mapema alisimama karibu na jukwaa. Aliyechelewa alisimama nyuma, akasikia bafle vizuri lakini akaona migongo ya watu.

Tangu wakati huo, kila konseri kubwa inapotangazwa mjini, mazungumzo ni yale yale nyumbani na kwenye vituo vya moto. Je, ununue tikiti ya kawaida usimame, ao uongeze pesa upate kiti? Wengi wanafikiri ni swali la mfuko tu. Lakini historia ya muziki, hapa Kongo na kwingine, inaonyesha kwamba ndani ya swali hilo kuna lingine: nani amehesabu watu wanaoingia, na nani atajibu kama kitu kibaya kikitokea?

KITI CHA HESHIMA NA KITI CHA PESA

Katika nyumba za Goma, kiti ni heshima. Mgeni akiingia, mtoto anatumwa haraka kutafuta kiti, hata kama ni kwa jirani. Kwenye kilio, wazee na mama wanakaa, vijana wanasimama pembeni karibu na ukuta wa mawe ya volkano. Kwenye ndoa, viti vya plastiki vya kukodisha vinapangwa kwa mistari, na kijana anayebaki amekaa wakati mzee amesimama atakaripiwa mbele ya watu.

Kwenye konseri kanuni hiyo inageuka. Kijana mwenye dolari ishirini anaweza kukaa mbele, na mzee mwenye franga kidogo akasimama nyuma saa nne nzima. Bango linaandikwa bei mbili ao tatu: ya kawaida, ya VIP, na wakati mwingine VVIP. Katikati ya makundi hayo inawekwa bariyeri ya chuma na mlinzi mmoja ao wawili. Kiti kimekuwa bidhaa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

WAKATI MEZA ILIKUWA TIKITI

Wakati wa Wabelgiji, rumba ya Kongo ilikulia kwenye baa. Mwaka 1953 Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, alianzisha African Jazz mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Mwaka 1956 Franco na wenzake walianzisha OK Jazz, na jina hilo lilitoka kwenye baa walimokuwa wanapiga, O.K. Bar. Hapo swali la tikiti ya kukaa ao ya kusimama halikuwa na maana. Watu walikaa kuzunguka meza, na chupa iliyokuwa juu ya meza ndiyo iliyolinda kiti. Muziki ukipanda, waliacha viti na kwenda kucheza. Wakichoka, walirudi kukaa.

Rumba ni muziki wa kuchezwa. Kiti chake kilikuwa cha kupumzikia kati ya dansi moja na nyingine. Na mtu akiguswa na wimbo, alisimama, akatembea mpaka kwa mwimbaji na kumbandika noti kwenye paji la uso. Ndiyo matabisi, na desturi hiyo haijafa. Mwimbaji na mteja wake walikuwa hatua chache tu mmoja kutoka kwa mwingine.

Upande wa pwani, kwa ndugu zetu wa Zanzibar, taarabu ilijenga desturi yake. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianza Unguja mwaka 1905. Kwenye taarabu ya kale watu hukaa kwa utulivu na kusikiliza maneno. Lakini ubeti ukimgusa mtu, mara nyingi mama, anainuka, anakwenda mbele taratibu akicheza, na kumtunza mwimbaji kwa noti. Kwa kuinuka wakati wa ubeti fulani anakuwa amesema jambo, na wanaomjua wanaelewa anamlenga nani. Basi hata pale watu wanapokaa, ile nafasi ya kusimama na kutembea mpaka mbele ilibaki wazi kwa kila mtu.

STADIUMU ILIPOINGIA

Mambo yalibadilika muziki ulipohamia kwenye viwanja vikubwa. Kongo ilionja jambo hilo mwaka 1974, wakati nchi ilikuwa inaitwa Zaire. Kuanzia tarehe 22 mpaka 24 mwezi wa tisa, Stade du 20 Mai ya Kinshasa, ambayo leo ni Stade Tata Raphaël, ilipokea tamasha la Zaire 74. Walipanda jukwaani James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz, Franco na Tabu Ley. Tamasha lilipangwa liende pamoja na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman aliumia juu ya jicho, pambano likasogezwa mpaka tarehe 30 mwezi wa kumi, na watalii waliotegemewa kutoka nje hawakuja. Muziki uliendelea bila wao, mbele ya Wazaire wenyewe.

Ndani ya stadiumu, yule mtu wa noti hawezi tena kumfikia mwimbaji. Kati yao kuna kiwanja, polisi na chuma. Umbali unapimwa kwa pesa: wa pesa nyingi karibu, wa pesa kidogo mbali. Na watu ni maelfu, hawajuani, wanaingia na kutoka kwa milango michache.

LONDON, CINCINNATI, SHEFFIELD

Kugawa watu hivyo si uvumbuzi wa Kinshasa. Zaidi ya miaka mia nne iliyopita mjini London, kwenye jumba la Globe ambamo michezo ya Shakespeare ilichezwa, peni moja ilimruhusu mtu kusimama uani, mbele kabisa ya jukwaa, bila paa juu ya kichwa. Aliyeongeza peni alipanda kwenye roshani yenye paa na benchi. Maskini alikuwa karibu zaidi, lakini mvua ilikuwa yake. Mtu wa Goma anaelewa hesabu hiyo, kwa maana mvua yetu haitoi taarifa.

Hatari yenyewe ilionekana baadaye. Tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1979, katika mji wa Cincinnati huko Marekani, kundi la The Who lilikuwa na konseri. Tikiti nyingi hazikuwa na namba ya kiti: wa kwanza kuingia ndiye wa kwanza kuchagua mahali. Watu walisongamana nje kwa saa nyingi katika baridi. Milango michache ilipofunguliwa, wa nyuma walisukuma, wa mbele wakakosa hewa. Watu 11 walikufa, na wengi waliokuwa ndani hawakujua kitu, kwani konseri iliendelea mpaka mwisho. Kabla ya mwezi kwisha, mji wa Cincinnati ulikataza tikiti zisizo na namba ya kiti. Katazo hilo lilidumu mpaka mwaka 2004.

Miaka kumi baada ya Cincinnati, tarehe 15 mwezi wa nne mwaka 1989, wapenzi wa mpira wa Liverpool walisongwa kwenye sehemu ya kusimama ya stadiumu ya Hillsborough, mjini Sheffield huko Uingereza. Polisi walifungua mlango mkubwa ili kupunguza msongamano wa nje, lakini watu wakaelekea kwenye vizimba vya katikati ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Mbele yao kulikuwa na wavu wa chuma. Waliokufa wamehesabiwa 97. Baadaye Uingereza iliamuru stadiumu zake kubwa ziwe za viti vitupu.

Mtu anaweza kusema: basi, jibu ni viti. Lakini tangu mwezi wa kwanza mwaka 2022, Uingereza hiyo hiyo ilianza tena kuruhusu sehemu za kusimama kwenye stadiumu kadhaa. Kila mtu ana nafasi yake, na chuma imara mbele ya kiuno chake inayozuia mstari mmoja kuangukia mwingine. Watu wanasimama, lakini wamehesabiwa. Kosa halikuwa miguu ya watu. Kosa lilikuwa kuwaingiza watu mahali ambapo hakuna aliyejua wamefika wangapi.

KINSHASA, MARA MBILI

Kongo ililipa bei ya somo hilo tarehe 29 mwezi wa kumi mwaka 2022. Siku hiyo Fally Ipupa aliimba Stade des Martyrs, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1994 na ambacho kinahesabiwa kubeba watu 80,000. Watu waliingia kupita kiasi, mpaka njia za kupitia zikajaa. Wengine walivunja vizuizi wakaingia sehemu za VIP na sehemu zilizowekewa wageni. Nje, polisi walirusha gesi ya machozi. Watu 11 walikufa, kati yao polisi wawili, wengi kwa kukosa hewa na kukanyagwa.

Hapo kiti cha bei ya juu hakikumlinda mwenye nacho. Tikiti ya VIP iliandikwa sehemu, lakini sehemu hiyo ilikuwa tayari imejaa watu wengine. Namba ya kiti ni ahadi, na ahadi hiyo inategemea mlango. Mlango ukishindwa, aliyelipa nyingi na aliyelipa kidogo wanajikuta katika msongamano mmoja.

Somo la pili lilikuja tarehe 27 mwezi wa saba mwaka 2024, kwenye kiwanja kile kile, katika konseri ya nyimbo za Injili ya Mike Kalambayi. Waandaaji walisema watu walikuwa kama 30,000, maana yake stadiumu haikufika hata nusu. Hata hivyo vurugu zilizuka wakati watu wa usalama walipojaribu kuwakamata waliosumbua, watu wakakimbia, na gavana wa Kinshasa akatangaza kwamba saba wamekufa. Viti vilikuwepo, tena vingi vilikuwa vitupu. Kilichoua ni watu wengi kukimbilia upande mmoja kwa wakati mmoja.

GOMA INAJUA KUSIMAMA

Turudi nyumbani. Goma ni mji ambao watu wake wamesimama sana, na si kwa muziki peke yake. Tarehe 21 mwezi wa kumi na moja mwaka 2012, siku moja baada ya M23 kuingia mjini, watu walikusanywa Stade des Volcans kusikiliza msemaji wake. Tarehe 6 mwezi wa pili mwaka 2025, umati mwingine ulijaa Stade de l'Unité kumsikiliza Corneille Nangaa. Siku hizo hakuna aliyeuliza bei ya tikiti. Kati ya siku hizo mbili, mwezi wa tano mwaka 2021, Nyiragongo ililipuka. Siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuondoka, na njia ya Sake ikajaa watu, magari, mikeka na watoto, wote wakielekea upande mmoja. Aliyekuwa kwenye njia ile hahitaji kuelezwa msongamano ni nini.

Na familia zilizokimbia vita zinajua jambo lingine ambalo waandaaji wengi wa konseri hawajui. Wale waliopitia Kanyaruchinya mwaka 2012, na tena kuanzia mwaka 2022, ao waliolala Bulengo, Lushagala na Rusayo, wamesimama kwenye mstari wa maji na mstari wa chakula. Wanajua tofauti kati ya siku ya jetoni na siku isiyo na jetoni. Siku ambayo kila mama amepewa jetoni na jina lake liko kwenye liste, anaweza kukaa chini, amnyonyeshe mtoto na kungoja aitwe. Siku ambayo lori linafika bila liste, wenye nguvu wanakuwa mbele, na wazee, wajawazito na wenye ulemavu wanasukumwa nyuma ao chini.

Tikiti yenye namba ya kiti ni kama jetoni: mwenye nayo hana haja ya kukimbia. Tikiti ya kusimama ni kama lori bila liste, isipokuwa mtu fulani mlangoni awe anahesabu na awe na nguvu ya kusema imetosha.

Hii haimaanishi kusimama ni kubaya. Mwezi wa tisa mwaka 2014, Akon alikuja kuimba Goma kwa ajili ya siku ya amani, akaingia ndani ya mpira mkubwa wa plastiki unaoonyesha, akabingirika juu ya mikono ya watu. Picha hiyo ilizunguka dunia. Watu waliokaa kwenye viti wasingeweza kumbeba. Na dolari moja ya Festival Amani ilikuwa na maana yake: wangeweka viti kila mahali, watu wangekuwa wachache, bei ingepanda, na kijana wa Majengo ao wa Birere angesikiliza kutoka nje ya ukuta. Kusimama kuliingiza mji mzima. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mwenye chukudu walisimama bega kwa bega, na baada ya mwaka kama ule wa 2013, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kiti.

KABLA YA KUTOA PESA

Basi, ndugu msikilizaji, anayechagua kati ya tikiti mbili apime mambo machache, ambayo historia yenyewe imeyaonyesha.

La kwanza ni mwili wake na watu anaokuja nao. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee, mtu mwenye pumu ao mguu mbovu, kwao kiti si anasa. Kama bei ya kiti haiwezekani, nafasi ya pembeni ao ya nyuma ni bora kuliko ya katikati mbele ya jukwaa, ambako msukumo unakuwa mkali zaidi.

La pili ni mlango. Anayesimama ahesabu milango kabla ya kuhesabu hatua za kufika jukwaani. Katika mji ambamo kila mtu anaangalia saa ya kurudi nyumbani, nafasi nzuri si lazima iwe karibu na mwimbaji. Inaweza kuwa ile ambayo mtu anaona njia ya kutokea. Na mlango alioingilia si lazima uwe wa kutokea. Wa karibu zaidi unaweza kuwa nyuma yake.

La tatu ni dalili za watu. Mtu akiona hawezi kuinua mikono yake mpaka kifuani, ao anasogezwa bila yeye kupiga hatua, wakati wa kuondoka taratibu kuelekea pembeni umefika, hata kama wimbo anaoupenda ndio unaanza. Wakisukuma, asishindane nao. Aweke mikono mbele ya kifua kulinda pumzi yake na asogee kidogo kidogo. Kitu kikianguka chini, kiwe simu ao kiatu, kiachwe.

La nne linawahusu wanaouza tikiti, na wakaaji wana haki ya kuwauliza kwenye redio na mahali popote: mmechapisha tikiti ngapi, kiwanja kinabeba wangapi, milango mingapi itabaki wazi mpaka mwisho, na nani ana amri ya kusimamisha muziki? Mwandaaji anayejibu maswali hayo bila hasira amekwisha kufanya nusu ya kazi yake. Anayekasirika ameonyesha kwamba hajahesabu.

Mwaka 2014, dolari moja ilitosha kumwingiza mtu ndani. Kumtoa salama ni kazi ya yule aliyeipokea hiyo dolari.